La Paz mwezi wa Agosti, tukitokea Mombasa: ratiba ya wakala inatufaa au tuikatae?

BintTudor

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tunapanga kwenda La Paz, Bolivia, likizo ya shule ya Agosti. Tunaondoka Mombasa tarehe 8 na lazima tuwe nyumbani kufikia tarehe 23. Tuko wanne: mimi na mume wangu, mtoto wa miaka kumi, na mavyaa wangu wa miaka 66. Mavyaa ana presha na anakunywa dawa kila siku. Mtoto alipimwa selimundu akakutwa AS, yaani amerithi upande mmoja tu, na hajawahi kuugua kwa ajili hiyo.

Wakala ametupa ratiba hii: tunatua La Paz usiku wa tarehe 9, asubuhi ya tarehe 10 tunapanda basi kwenda Copacabana kwenye ziwa Titicaca, tarehe 13 tunaenda kwenye ule uwanda wa chumvi wa Uyuni kwa siku tatu, kisha tunarudi La Paz mpaka mwisho.

Maswali yangu: Agosti baridi yake ikoje? Ratiba hii ni salama kwa watu waliozaliwa usawa wa bahari? Dawa gani tubebe? Na chakula cha halali kinapatikana? Ile picha ya chumvi inayong'aa kama kioo ndiyo mtoto anayoitaka kuliko vyote.

---

KilindiniJuu

Wa aleikum salaam, dada. Mwezi mmeuchagua vizuri. Ratiba ndiyo mbovu, na ubovu wake uko kwenye mpangilio wa vituo.

Tuanze na namba. Uwanja wa ndege wa La Paz uko El Alto, mita 4,061 juu ya bahari. Katikati ya mji ni kama 3,640. Mitaa ya kusini inayoitwa Zona Sur, yaani Calacoto, San Miguel na Achumani, iko kati ya 3,200 na 3,400 hivi. Kwenye mita 3,640 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 65 ya ule wa Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inakupa takriban theluthi mbili tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujirekebisha, lakini unataka siku, si saa. Madaktari wa milimani humweka mtu anayetoka chini na kulala juu ya mita 3,500 siku hiyo hiyo kwenye kundi la hatari kubwa, hata kama ni kijana na hajawahi kuugua. Ninyi mna mtoto na mtu mzima mwenye presha.

Kisha wakala anawapeleka Copacabana siku ya pili. Copacabana iko mita 3,841, juu kuliko La Paz yenyewe. Basi linachukua saa tatu na nusu hadi nne, na njiani mtashuka Tiquina kuvuka maji. Pale si kama Likoni, ambako gari na watu hupanda feri moja: basi hupakiwa peke yake kwenye chelezo cha mbao, na abiria hukata tikiti yao wavuke kwa boti ndogo. Ni safari nzuri sana, ila si ya mtu aliyelala vibaya huku kichwa kinamgonga. Na huo ugonjwa wa mwinuko, ambao wenyewe wanauita *soroche*, kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Mkitua usiku, utawashika alfajiri mkiwa mnafunga mabegi.

Uyuni ya siku tatu ni mbaya zaidi. Chumvi yenyewe iko mita 3,656, lakini ziara ya siku tatu hupanda kusini hadi kwenye maziwa ya rangi na chemchemi za mvuke za Sol de Mañana, zaidi ya mita 4,800, na malazi yake mengi yako juu ya 4,200. Agosti usiku huko hushuka hadi digrii 10 chini ya sifuri na kupita. Mtoto na mavyaa wasiende huko.

Na hiyo picha ya kioo: chumvi huwa kioo inapofunikwa na maji ya mvua, takriban Januari hadi Machi. Agosti mtakuta uwanda mweupe mkavu wenye nyufa za pembe sita mpaka upeo wa macho. Unapendeza, ila mwambieni mtoto mapema.

Hii ndiyo ratiba ninayoipendekeza:

Tarehe 8 hadi 10: Mombasa, Addis Ababa, São Paulo, Santa Cruz de la Sierra. Santa Cruz ni mji wa Bolivia ulioko bondeni, kama mita 400 tu. Laleni huko usiku mmoja au miwili. Hautawazoesha mwinuko, lakini mtatua uchovu wa safari na saa za usingizi, kwa sababu Bolivia iko nyuma yetu kwa saa saba. Mtu asiyelala huchanganya uchovu wa ndege na soroche, halafu hajui anatibu kipi.

Tarehe 11 hadi 14: pandeni ndege hadi Sucre, mita 2,810. Usiku tatu. Hapa ndipo mwili unapofanya kazi. Sucre ndio mji mkuu kwa mujibu wa katiba, ingawa serikali inakaa La Paz. Ni mji wa nyumba nyeupe, wa kutembea polepole. Uhuru ulitangazwa pale tarehe 6 Agosti 1825, kwa hiyo siku za kuzunguka tarehe 6 hoteli hujaa. Tarehe 11 sherehe zitakuwa zimeisha.

Tarehe 14: ndege hadi La Paz. Mkishatoka uwanjani msikae El Alto, teremkeni moja kwa moja hadi Zona Sur mlale huko. Kanuni inayotumika ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. 2,810 ongeza 500 ni 3,310: hiyo ni Calacoto. Hoteli za katikati ya mji zinakiuka kanuni, za Zona Sur zinaingia ndani yake.

Tarehe 14 na 15 msifanye lolote la maana. Kuanzia tarehe 16 ndiyo mtembee.

Wengine watawashauri Cochabamba badala ya Sucre kwa kuwa iko 2,560. Kwa tarehe zenu hapana. Kati ya tarehe 14 na 16 Agosti kuna sikukuu ya Bikira wa Urkupiña pale Quillacollo, jirani kabisa na Cochabamba. Mji hufurika watu, vyumba hupanda bei na mabasi hujaa.

---

Mfamasia_Makupa

Nakubaliana na KilindiniJuu kuhusu Sucre. Naongeza upande wa afya, na haya yote myapeleke kwa daktari wenu wiki nne au sita kabla ya safari. Msinunue dawa kwa kusoma hapa.

Dawa ya kuzuia ni asetazolamaidi, wengi wanaijua kama Diamox. Mtu mzima hutumia miligramu 125 kila baada ya saa 12, akianza siku moja kabla ya kupanda na kuendelea siku mbili akishafika juu. Vidonge vingi ni vya 250, kwa hiyo ni nusu asubuhi na nusu jioni. Mtoto hupimwa kwa uzito, miligramu 2.5 kwa kila kilo kwa kila dozi, isipite 125. Mwenye kilo 30 ni 75. Msishangae vidole vikiwasha kama vinachomwa sindano, soda ikipoteza ladha, na haja ndogo ikiongezeka. Anayedhurika na dawa za salfa amwambie daktari kabla. Mavyaa kama dawa yake ya presha ni ya kukojosha, hizi mbili pamoja zinaweza kumkausha maji na kushusha potasiamu, kwa hiyo daktari wake ndiye aamue. Mkifuata ratiba ya kupitia Sucre, daktari anaweza hata kusema hamuihitaji.

Presha yenyewe huelekea kupanda siku za kwanza za mwinuko. Abebe mashine yake ya kupimia, dawa za kutosha pamoja na za wiki moja ya ziada, na zote akae nazo kwenye begi la mkononi. Kichwa kikimuuma ameze panadol. Aibuprofeni aiache, maana hupandisha presha na haielewani na baadhi ya dawa zake.

Sasa mtoto. Mwenye AS kwa kawaida haumwi, na wengi hufika milimani salama. Lakini kwenye hewa nyembamba, hasa akiwa amekaukiwa maji au akikimbia sana, damu inaweza kukwama kwenye bandama. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, mara nyingine na kutapika. Hiyo si gesi. Ni hospitali na oksijeni mara moja, na mwambieni daktari neno AS kabla hajauliza. Mpeni maji mara kwa mara na msimruhusu kucheza mpira siku tatu za kwanza. Kama angekuwa SS, yaani amerithi pande zote mbili, ningewaambia msiende kabisa.

Mkipata kipima oksijeni cha kidole kitawasaidia, lakini kijueni. Mombasa kitasoma 97 hadi 99. La Paz mgeni mzima kabisa anaweza kusoma 85 hadi 90, kwa hiyo namba peke yake isiwatishe. Angalieni hali ya mtu na kama namba inashuka siku hadi siku. Vidole vya baridi huharibu kipimo, visugueni kwanza. Piko na hina nyeusi kwenye kucha pia huzuia mwanga, basi acheni angalau kidole kimoja kitupu. Na kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi huwa na tabia ya kusoma juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo mtu anayehema vibaya asiambiwe yuko sawa kwa sababu tu kifaa kimesema 88.

Dalili za kawaida: kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi wa kukatika. Pumzikeni, msipande juu zaidi, na siku mbili tatu hupita. Dalili za hatari ni mbili. Ya kwanza, mtu kuchanganyikiwa au kuyumba: mwambieni atembee kwenye mstari kisigino kikigusa kidole, akishindwa ni ubongo. Ya pili, kuhema akiwa amekaa tu, na kikohozi kinachozidi usiku, mara nyingi usiku wa pili hadi wa nne: hayo ni mapafu. Zote mbili hazisubiri asubuhi.

Na hili watu wa pwani hulisahau. Mwinuko kwa kawaida hauleti homa kali. Mtu akipata homa na kichwa La Paz ndani ya mwezi mmoja tangu atoke Mombasa, huenda malaria ilipanda ndege pamoja naye. Daktari wa pale hatarajii malaria yetu kwenye mji wa baridi namna ile, kwa hiyo semeni wenyewe: malaria, Kenia. Msikubali kurudishwa hotelini na kikombe cha chai.

Madukani kule mtauziwa Sorojchi Pills. Ndani yake mna aspirini na kafeini. Mtoto asipewe, mwenye vidonda vya tumbo asipewe, na mwenye homa isiyojulikana asipewe, maana ikiwa ni dengi aspirini huongeza hatari ya kutoka damu.

Chanjo ya homa ya manjano: mtahitaji kadi, na Kenya pia huidai kwa anayerudi kutoka nchi zenye ugonjwa huo. Huhesabiwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, na siku hizi ni ya maisha. Mavyaa kama hajawahi kuchanjwa, sindano ya kwanza baada ya miaka 60 ina madhara makubwa zaidi kuliko kwa kijana, ingawa ni nadra. Asipelekwe tu foleni na wengine.

---

BintTudor

Shukran sana, wallahi nimeshaanza kuogopa tikiti. Wakala anasema kupitia Sucre kunaongeza gharama, na kwamba chai ya koka inatosha kuzuia huo ugonjwa. Kweli? Na Copacabana niiondoe kabisa? Baridi na chakula bado sijajibiwa.

---

KilindiniJuu

Chai ya koka ni kinywaji cha kawaida kule, hotelini huwekwa mezani, na inachangamsha. Haichukui nafasi ya kupanda polepole. Anayekuambia inatosha anauza tiketi.

Copacabana usiiondoe, isogeze. Wekeni tarehe 17 na 18, mlale usiku mmoja. Kwa bahati mtakuwa mmekwepa sikukuu ya Bikira wa Copacabana ya tarehe 5, ambapo mahujaji hujaa na vyumba havipatikani. Kisiwa cha Isla del Sol kina ngazi za mawe kutoka gatini kupanda kijijini. Mavyaa abaki kwenye boti au mkahawa wa chini. Uyuni mkiitaka sana, kuna ndege ya kama saa moja kutoka La Paz: nendeni asubuhi, mrudi jioni, mkalale kitanda chenu.

Tikiti: hakikisheni safari yote mpaka Santa Cruz iko kwenye tikiti moja. Zikiwa mbili tofauti, São Paulo mtalazimika kuchukua mizigo na kupita uhamiaji, na hapo mnahitaji ruhusa ya kuingia Brazil. Ubalozi wa Brazil uko Nairobi, waulizeni. Kwa viza ya Bolivia, wenyewe wamekuwa wakigawa mataifa katika makundi matatu. Thibitisheni kundi la Kenya kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje kabla ya kulipa senti moja, na mwe na nakala za hoteli, tikiti ya kurudi, taarifa ya benki na kadi ya chanjo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto pia.

---

ShangaziKizingo

Mwanangu BintTudor, mie nijibu la baridi na la tumbo, maana wanaume hawa wamekwisha kukupeleka hospitali.

Agosti La Paz ni kiangazi chao cha baridi. Mvua ni haba mno, mbingu bluu tupu. Mchana digrii 15 hadi 17, usiku hushuka karibu na sifuri, na El Alto huganda. Kinachowapata watu wetu si baridi ya mchana, ni jua likishatua, kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukiwa juani unavua sweta, ukiingia kivulini upande wa pili wa barabara unaitafuta tena. Nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha moto, kwa hiyo ukilipia chumba uliza kama kina *calefacción*, na blanketi za ziada. Maji ya kuoga mara nyingi ni ya shawa ya umeme: fungua kidogo ndiyo yapate moto, ukifungua yote yanakuja baridi.

Msinunue nguo mpya za theluji. Nendeni Kongowea kwenye mitumba mkachague kwa utulivu: fulana ya mikono mirefu ya kubana mwili, sweta ya sufu juu yake, jaketi la manyoya ya bata linalofinyika, na soksi nene jozi tatu kila mtu. Pamba tupu na jinzi ziacheni, zikishika jasho hazikauki na usiku zinakugandisha. Mavyaa buibui lake livae juu ya tabaka zote, ila lisiburure, kwa kuwa La Paz ni mji wa ngazi. Glavu na kofia za sufu nunueni kule kule, mtaa wa Sagárnaga. Sweta zinazoitwa za alpaka pia zipo tele pale, ingawa nyingi zimechanganywa na nailoni.

Jua lake ni kali kuliko la Nyali. Hewa ni nyembamba, haichuji kitu, na baridi inakudanganya huungui. Krimu ya jua ya SPF 50, miwani, kofia yenye ukingo, hata sisi weusi. Hewa ni kavu: midomo hupasuka siku ya pili na pua hutoka damu kidogo. Vaselini puani na mdomoni kila usiku, na kopo liwe kubwa. Chupa za shampuu na mafuta zifungue uzitoe hewa kabla ya kupaki, uzitie kwenye mifuko. Mlizifunga Mombasa, kule juu zitafura na kuvuja. Pakiti za krispi pia zitavimba kama puto.

Chakula. Nyama ya halali dukani msiitegemee, ila hamtalala njaa. Samaki wa ziwani, *trucha*, wako kila mahali. Kuna kinowa, nafaka yao, mayai, viazi vya kila rangi, supu ya karanga iitwayo *sopa de maní*. Hiyo ya mwisho uliza kama mchuzi umepikwa na nyama. *Fricasé*, *chancho* na *chicharrón* mara nyingi ni nguruwe, pita mbali. *Salteña* ni kama sambusa ya kuoka yenye mchuzi ndani, huuzwa asubuhi, lakini unga wake huweza kukandwa kwa *manteca*, na hiyo mara nyingi ni mafuta ya nguruwe. Maneno ya kukariri: *sin cerdo, sin manteca*, yaani bila nguruwe, bila mafuta yake. Asubuhi kunyweni *api*, kinywaji cha moto cha mahindi ya zambarau chenye mdalasini na karafuu, pamoja na *pastel* ya kukaangwa, mtoto atakipenda. Jihadharini na *té con té*: jina linasema chai na chai, kumbe ndani mna *singani*, pombe yao ya zabibu. *Sucumbé* vilevile, ina sura ya maziwa tu.

Mkikodi nyumba mjipikie, maji yanachemka kwenye digrii 88 hivi. Maharagwe mtayakalisha jikoni mpaka Magharibi. Tafuteni nyumba yenye presha kuka, au mpike dengu. Na siku mbili za kwanza kuleni kidogo, hasa usiku, kwa sababu tumbo nalo huwa zito kule juu.

---

KilindiniJuu

Shangazi amemaliza. Nirudi kwenye jambo ambalo ratiba nyingi hulikosea: mtu akizidiwa, mnashuka wapi?

Watu husema shukeni Coroico, mabondeni kwenye Yungas, kama mita 1,500 hadi 1,700, saa tatu tu kwa gari. Ni kweli, ila barabara ya kwenda huko inapanda kwanza hadi La Cumbre, karibu mita 4,650, ndipo inaporomoka. Mgonjwa wa mapafu umpitishe juu zaidi ili umshushe? Hapana. Barabara ya Cochabamba nayo inaanza kwa kupanda El Alto na uwanda wa juu. Njia pekee ya barabara inayoshuka tu ni ya kusini, kutoka Zona Sur kupita Mallasa hadi Mecapaca, karibu mita 2,900. Hiyo ni sababu nyingine ya kulala kusini. Kwa hali mbaya lakini ni oksijeni ya hospitali kwanza, kisha ndege ya Santa Cruz daktari akiruhusu.

Kwa mwendo wa mjini tumieni Mi Teleférico, magari ya kamba yapitayo angani, yaliyoanza 2014 na sasa yana njia kumi. Nauli imekuwa bolivianos 3 kwa njia moja. Kutoka Irpavi kule kusini mnapanda ya kijani, mnabadilisha kwenda ya njano, na mnafika El Alto. Mandhari ni ya ajabu, na mlima Illimani unauona wote. Lakini hesabuni: mmepanda zaidi ya mita 700 bila kutembea hatua moja, na mwili haujali kwamba mlikuwa mmekaa. Siku ya tatu ndiyo, siku ya kwanza hapana. Soko kubwa la El Alto ni Alhamisi na Jumapili. Simu ikae mfuko wa ndani.

Agosti ni mwezi wa Pachamama, mama ardhi. Mtaona moshi na sadaka zikichomwa, peremende, majani ya koka, na vijusi vikavu vya llama, mnyama wao wa kufugwa, vikining'inia kwenye soko la waganga karibu na Sagárnaga. Mtayarisheni mtoto. Msipige picha ya sadaka ya mtu bila ruhusa.

Kingine ni *bloqueo*. Wananchi wakigombana na serikali hufunga barabara kwa mawe, siku moja au wiki. Wakala wa barabara, ABC, huweka ramani mtandaoni ya njia zilizofungwa. Iangalieni kila jioni. Ndiyo maana msipange kutoka La Paz siku ya ndege kubwa. Shukeni Santa Cruz tarehe 20, mlale, tarehe 21 mwanze safari ya nyumbani.

---

BintTudor

Nimeelewa. Tumemrudishia wakala: Santa Cruz 10, Sucre 11 hadi 14, La Paz kusini 14, Copacabana 17 na 18, Santa Cruz 20. Uyuni tumeiacha, mtoto ameambiwa. Mavyaa ana miadi na daktari wake wiki ijayo na mashine ya presha inakwenda naye. Pesa je? Kadi au taslimu?

---

ShangaziKizingo

Vyote viwili. Tangu 2023 dola zimekuwa adimu Bolivia, na bei ya mtaani ikaachana na ile rasmi ya bolivianos 6.96 kwa dola iliyokaa miaka mingi. Angalieni kiwango cha wiki mnayosafiri, kwa maana kadi inaweza kuwakata kwa bei moja na duka la fedha likawapa nyingine. Dola zenu ziwe mpya na safi. Noti yenye mchaniko mdogo au muhuri wa benki huikataa mbele ya macho yako. Badilisheni kidogo kidogo, na muwe na chenji, teksi hazina. Adapta msisahau, plagi yetu ya miguu mitatu haiingii kule.

---

Mfamasia_Makupa

La mwisho, na mwambie mumeo. Majani ya koka, hata yakiwa kwenye pakiti nzuri za chai zinazouzwa uwanjani, yasiingie kwenye begi la kurudi. Bolivia ni halali, Kenya ni dawa za kulevya kisheria, na mnapita viwanja viwili vya nchi nyingine kabla ya kufika. Pekueni mifuko ya jaketi zote Santa Cruz, pamoja na la mavyaa, kwa sababu hoteli huwapa wageni majani mkononi na mtu huyatia mfukoni akasahau. Miraa na muguka nazo zisivuke kwenda huko. Mbali na sheria, huongeza mapigo ya moyo na kukata usingizi, wakati moyo tayari unakimbia.

Na kama kuna mpango wa kupiga mbizi Diani kabla ya safari, zipite saa 24 kamili kati ya mbizi ya mwisho na ndege.